Hasi Moja Haikuwa Kosa

Habari ya msiba ilinikuta dukani kwa jirani yangu hapa Binza, tukibishana juu ya kiberiti ambacho kila njiti ilikuwa inatoa moshi na kuzimika. Simu ikaita. Mpigaji alikuwa yule bwana wa maabara niliyefanya naye kazi miaka kadhaa Bariadi, nilipokuwa bado ofisa takwimu wa hospitali moja ya huko. Hakuzunguka. "Mzee, mtaalamu wetu wa kompyuta ametutoka leo alfajiri. Tunazika kesho, kwao Sapiwi." Nikamwambia nimesikia, nikakata simu, nikachukua kiberiti kilekile kibovu na kurudi nyumbani bila kuongeza neno. Jirani alishangaa. Hajazoea kunishinda ubishi.

Wasomaji wa safu hii mnanijua kwa manung'uniko. Nimenung'unika hapa juu ya vumbi, juu ya vikao vinavyoanza saa tano na barua ya mwaliko inasema saa tatu, na juu ya vijana wanaosema "poa" wakiamkiwa na watu wazima. Leo mniwie radhi, sina manung'uniko. Nataka kumsema mtu mmoja vizuri, na nitajitahidi nisimpambe kwa sifa zisizo zake, maana angezikataa. Alikuwa mtu mfupi, mwenye shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo vyote mpaka shingoni hata jua la Oktoba likiwa utosini. Alichunga ng'ombe wa baba yake Sapiwi mpaka ndevu zilipoanza kuota, akasoma kwa kuchelewa, akaenda Dar es Salaam kujifunza kompyuta, halafu akafanya jambo ambalo wengi wetu hatulifanyi: akarudi. Sisi wengine tuliletwa Simiyu na barua za uhamisho. Mimi mwenyewe nilitoka Upareni nikiwa nimenuna njia nzima. Yeye aliomba kupangiwa huko.

Kazi yake ilikuwa kutunza mashine moja, seva ya zamani iliyokaa kwenye chumba kidogo kando ya stoo ya mashuka. Humo ndimo yalimokuwa majina ya wagonjwa, majibu ya maabara, dawa zilizotoka, na takwimu zangu. Mfumo wote aliuandika yeye, kwa miaka, kwa lugha ya skripti, yaani lugha nyepesi ya kuipa kompyuta maagizo mstari kwa mstari. Kabla yake tulikuwa na madaftari makubwa yenye kurasa zilizochanika, na mgonjwa aliyerudi baada ya miezi mitatu alihesabika mgeni. Alipenda ule mfumo kama watu wa kwao wanavyopenda ng'ombe: hakuusifia mbele za watu, lakini alijua mahali pa kila mstari.

Tatizo lilikuwa mimi. Kila Jumatatu asubuhi niliendesha taarifa yangu ya jumla, taarifa iliyotakiwa na kila mwenye cheo kuanzia hapo mpaka juu, nayo ilikuwa na uroho. Ikishaanza, mashine inahema, na maabara inasimama. Damu imepimwa, jibu liko tayari mezani, lakini halitokei kwenye kioo cha daktari, kwa sababu kompyuta inanijumlishia mimi kwanza. Jumatatu moja yule mtaalamu wetu wa kompyuta akaja mlangoni kwangu, akasema kwa sauti yake ya chini, "Mzee, nimeizima taarifa yako. Kuna watu wanasubiri kule." Nilimfokea. Nilimwambia mambo ambayo leo siyarudii, na mojawapo lilihusu ng'ombe. Mkuu wetu alipotuita, alisema taarifa isizimwe na majibu yasichelewe, tuone wenyewe tutafanyaje. Mashine mpya ilikwisha kuombwa, na jibu lilikuwa tusubiri.

Hapo ndipo alipokaa karibu yangu, mtu aliyetoka kutukanwa, akanieleza. Kila kazi inayotembea ndani ya kompyuta huitwa mchakato. Michakato yote hugombea akili ya mashine, na moyo wa mashine unajua tangu zamani namna ya kuipanga: hii itangulie, ile ingoje. Shida ni kwamba lugha yake ya skripti haikuwa na neno la kuuambia huo moyo. "Mashine inaelewa," alisema, "ila sisi hatuna pa kusemea." Nikamuuliza kwa kejeli kama tuhamie lugha nyingine. "Hapana. Lugha ikikosa neno, unaliongeza." Basi akachukua ile lugha ngumu zaidi, ya C, iliyo karibu na chuma chenyewe, na kwa majuma kadhaa akatengeneza vitendo viwili vipya, yaani maneno ya amri, vya kuchomeka kwenye lugha yake. Cha kwanza kinauliza mchakato uko daraja gani. Cha pili kinaupangia daraja. Kile cha pili alikiita *pisha*.

Nilimuuliza kwa nini asikiite *tanguliza*, neno lenye hadhi. Akasema waliobuni mpango huo wenyewe waliipa namba ya daraja jina lenye maana ya upole. Mchakato wa kawaida una upole sifuri. Ukitaka upishe wenzake, unauongezea upole, mpaka kumi na tisa, ambao ni upole wa mwisho. Namba za chini ya sifuri, zile za kujipenyeza mbele, hazigawi mtu yeyote isipokuwa mwenye ufunguo mkuu wa mashine. Halafu akaongeza jambo lililonikaa kichwani: mtu wa kawaida anaruhusiwa kuiongezea kazi yake upole, lakini haruhusiwi kuupunguza tena. Ukishapisha, umepisha. Nilimsikia vizuri. Nilichofanya ni kusahau kwa makusudi sehemu isiyonifaa. Jumatatu iliyofuata, yeye akiwa hajaingia, nikafungua skripti ya taarifa yangu na kuandika *pisha*, na mbele yake kumi na tisa, nikiwa na hakika kwamba ofisa mwenye miaka yangu kazini hawezi kupewa namba ndogo. Taarifa iliyokuwa ikiisha kabla ya chai ikaisha saa kumi alasiri. Nilijaribu kurudisha sifuri, mashine ikanikatalia. Nikalazimika kwenda chumbani kwake kuomba. Alicheka mpaka akafungua kifungo cha shingo, mara ya kwanza na ya mwisho mimi kukiona kimefunguliwa. "Mzee umekuwa mpole kuliko mtu yeyote humu ndani," akasema. Maabara walinishukuru siku hiyo, nami nilizipokea shukrani bila kufafanua.

Toka hapo ugomvi ukaisha. Taarifa yangu ikapewa upole wa kumi, ikawa inajikokota pembeni, na ikifika saa tano imekwisha bila kumkwaza mtu. Mkuu alifurahi. Na wakubwa wakifurahi, huongeza jambo. Akaagiza maabara isogezwe mbele ya michakato yote, si kupishwa tu. Ufunguo mkuu ulikuwa kwa rafiki yangu. Angeweza kuipa hasi kumi, hata hasi ishirini, na hakuna ambaye angeuliza. Akaipa hasi moja. "Hatua moja inatosha," aliniambia. "Ukimpa mtu hatua ishirini, anasahau kuna wenzake nyuma."

Asubuhi iliyofuata maabara haikuamka. Skripti yake ilikuwa na desturi ya kujiuliza daraja lake kila inapoanza. Ikajiuliza, ikaandika kwamba kuna kosa, ikasimama. Ilikuwa siku ya mnada, watu wamejaa. Chupa za damu zilikwisha kuchukuliwa tangu saa moja, kila moja ina namba, na majina ya wenye namba yamo ndani ya mashine iliyogoma. Mkuu alikuja mwenyewe mpaka chumba cha seva, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mtaalamu, ikifika saa sita haijakaa sawa, tunarudi kwenye daftari. Na tukirudi, tumerudi." Nilikuwepo. Niliona mikono ya rafiki yangu ikitulia juu ya kibodi, kisha ikaendelea.

Kwenye benchi nje ya maabara alikuwepo bibi mmoja aliyetoka vijijini na mjukuu wake wa miaka kama mitatu, mtoto mweupe wa viganja, aliyelegea begani. Daktari alikuwa anasubiri kujua kundi la damu yake ili aongezewe. Alikwisha kuagiza achomwe upya, na yule bwana wa maabara alijaribu mara mbili, lakini mishipa ya mtoto ilikuwa imejificha. Damu yake iliyokwisha kuchukuliwa ilikuwa palepale mezani, miongoni mwa nyingine, haina mwenyewe. Kioo cha seva, kwa upande wake, kilikuwa kimeandika maneno mawili yaliyonifanya nitake kukipiga teke. Mstari wa juu ulisema pana kosa. Mstari wa chini, mahali pa kueleza sababu, ulisema hakuna kosa. Rafiki yangu aliisoma mistari ile miwili mara nyingi, akatoka nje kuvuta pumzi, nami nikamfuata kwa sababu sikujua la kufanya.

Akapita mbele ya bibi yule, na kwa kuwa kwao mtu hapiti mbele ya mkubwa bila salamu hata nyumba ikiungua, akainama. "Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, baba."

"Mhola?"

"Mhola duhu," akajibu bibi, yaani amani tupu, hakuna neno. Akamsogeza mtoto begani. "Ila huyu mjukuu wangu ananiishia mikononi."

Nawaomba wasomaji wasiotoka kanda hii wasimcheke bibi yule. Ndivyo ilivyo adabu ya Usukumani, na sisi Waswahili wa vyeti hatuko mbali nayo; nani kati yetu hajajibu "nzuri" akiwa na homa? Ukiulizwa amani, unajibu amani. Shida ina zamu yake, huja baadaye, kwa swali jingine. Rafiki yangu alibaki ameinama, kama aliyesahau kunyooka. Kisha akasema kwa Kiswahili, nadhani akijisemea, "Maswali ni mawili." Akarudi ndani karibu anakimbia, na mimi nyuma yake.

Alichokiona ni hiki, nami nakieleza kama alivyonieleza. Kwa desturi ya mashine zile, ukiuliza kitu na kikashindikana, unajibiwa hasi moja. Kile kitendo chake cha kuuliza daraja kilifundishwa hivyo: ukipata hasi moja, tangaza kosa. Lakini madaraja yenyewe yanashuka chini ya sifuri, kwa hiyo hasi moja inaweza pia kuwa jibu la kweli. Maabara ilijiuliza daraja, ikajibiwa kwa ukweli kabisa hasi moja, na kitendo chake kikadhani mashine imeanguka. Angetoa hasi mbili, au hata ile hasi ishirini ya watu wenye makuu, kusingetokea lolote. Kiasi chake mwenyewe ndicho kilichofanana na kosa. Akaandika hasi mbili, akaiwasha maabara, na kabla sijapata kukaa nikasikia watu wa kule ndani wakiita majina. La mjukuu wa bibi lilikuwa miongoni mwa yale ya mwanzo. Kundi lake lilipatikana, na damu ilikuwepo. Saa sita ilipofika mkuu hakurudi, na daftari likabaki kabatini. Jioni nilimwona mtoto yule wodini akigombea kipande cha muwa na mgonjwa wa kitanda cha pili. Bibi alikuja kumshika rafiki yangu mkono kwa mikono yote miwili akishukuru, "Wabeja, wabeja sana," naye akawa anatazama viatu.

Mimi ningeishia hapo na kwenda kulala. Yeye alisema hasi mbili ni kiraka, na alitumia siku tatu kutengeneza kitendo upya. Nilimkuta akikifanyia majaribio, na nilipomuuliza kimebadilika nini, akanijibu kwa mfano wa bibi. Sasa hivi kitendo kabla hakijauliza kinafuta kwanza kibao ambamo mashine huandika makosa, ili kosa la jana lisihesabiwe leo. Halafu kinauliza daraja na kupokea jibu lolote bila kulishtukia. Halafu, na hapa alininyooshea penseli, kinageuka na kutazama kibao: je, kuna shida? "Salamu peke yake, shida peke yake," alisema. Kisha akairudisha maabara kwenye hasi moja, na hapo ndipo ilipobaki mpaka nilipostaafu.

Nimelifikiria hilo tangu simu ile ya kiberiti. Ofisi zetu zimejaa fomu za kumpima mtumishi, na kila mwaka ndani ya fomu hizo kuna mahali pa mtu kujieleza. Rafiki yangu kila mwaka aliandika maneno mawili: *Nimejitahidi kiasi*. Wenzake walijaza ukurasa na kuomba karatasi ya ziada. Nakiri mimi nilikuwa mmoja wao. Aliyezisoma fomu zile aliona "kiasi" akadhani ndiyo taarifa ya kushindwa, na vijana aliowafundisha kuwasha kompyuta wakawa wakubwa wake mmoja baada ya mwingine. Yeye aliwaita "bosi" bila chembe ya dhihaka. Nilikasirika kwa niaba yake mara nyingi, maana hasira ni kitu nilicho nacho cha kutosha kugawia wengine, na mara moja nilimuuliza wazi kama haimuumi. Akajibu haimuumi. Sijui kama nilimuuliza mara ya pili. Nadhani sikuuliza. Hilo ndilo deni pekee lililonisumbua njiani kwenda Sapiwi, na nalisema hapa kwa kuwa safu hii si mahali pa kujisafisha.

Lakini nisiwadanganye kwamba nilisafiri kwa majonzi matupu. Pamba ilikuwa imepasuka pande zote mbili za barabara, na kila nilipofikiria ile kumi na tisa yangu nilijikuta nacheka peke yangu, abiria wa pembeni akijivuta. Alikuwa mtu aliyefanya kazi aliyoipenda mahali alipopapenda. Sijui wangapi kati yetu wataandikiwa hilo kwa haki. Aliugua kwa muda mfupi, nyumbani, watoto wote wamefika. Mfumo wake bado unatembea, nimehakikishiwa na bwana wa maabara. Vijana wameubadilisha sura na rangi, ila ukifungua ndani, *pisha* ipo.

Msibani tulikuta watu wengi, wa kanisani, wa ofisini, wafugaji wa vijiji vya jirani, na hata majirani Waislamu waliokuja kuchimba kaburi tangu mapema. Baada ya mazishi nilikwenda kumpa pole mjane. Alikuwa ameketi mlangoni mwa nyumba, wima, khanga kichwani, akipokea mikono ya watu mmoja baada ya mwingine. Nikamwinamia. "Pole sana, mama. Mhola?"

"Mhola duhu, baba. Tumshukuru Mungu."

Nyuma yangu kulikuwa na mstari wa watu, na kawaida yangu ningesogea. Sikusogea. Nikachuchumaa, magoti yangu yakalia mpaka yeye akasikia, nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Na shida, mama? Kuna shida gani?"

Uso wake ukalegea, karibu atabasamu. "Baba, tangu jana wananiuliza maji yametosha, maturubai yametosha, ng'ombe wa kuchinja yupi. Hakuna aliyeniuliza kama nimelala." Akashusha pumzi. "Sijalala. Nina usingizi sana."

Nikainuka na kumwambia dada yake. Wakatandika mkeka ndani, wakamshika mkono, akaingia, na mlango ukaegeshwa. Bwana wa maabara akaenda kwa wanaume waliokuwa wakizungumza kwa nguvu, kikundi baada ya kikundi, akiwanong'oneza. Waliokuwa wakipasua kuni wakahamisha magogo mpaka nyuma ya zizi. Uwanja mzima wa watu ukashusha sauti, mchana kweupe, na yule mama akalala mpaka saa tisa.

Mtu akikujibu ni mzima, mpokee jibu lake, ni adabu. Halafu usiondoke. Muulize la pili.